Sekunde Kumi na Tisa

Bi Barka wa mtaa wa Langoni, Lamu, alijulikana kwa mambo mawili, mkono wake wa kupika na ulimi wake. Mkono ulimletea marafiki, ulimi ukawafukuza, na maisha yakaenda hivyo. Mtu hakutoka nyumbani kwake na njaa. Hata karani wa sensa aliyekuja kuhesabu watu aliondoka na mfuko wa sambusa, na maswali mengine akasahau kuyauliza. Tangu awe mjane, Bi Barka alikuwa amelea watoto wawili kwa mikate ya mofa na sambusa za kuuza, na wote wawili walikua na mashavu. Jambo hilo alijivunia waziwazi, bila haya hata kidogo.

Kisha Badawi, mwanawe wa kwanza, akaanguka. Badawi alikuwa fundi wa chokaa. Alikuwa juu ya jukwaa la boriti, ghorofa ya pili, akiziba nyufa za ukuta wa nyumba ya watu, jukwaa likayumba, naye akashukia mgongo kwenye ukingo wa kisima. Madaktari wa Mombasa walisema uti wa mgongo umepondeka lakini haukukatika wote. Kuna nyuzi chache zimebaki. Bi Barka alizishika hizo nyuzi chache katika kila dua yake kwa mwaka mzima.

Kuanzia kiunoni kwenda chini Badawi hakuwa na nguvu ya kuamrisha kitu. Ajabu ni kwamba miguu yenyewe haikutulia. Amelala zake, mara goti linapanda, mguu unarusha teke, kikombe kinapinduka. Au mguu unaanza kutetemeka kuanzia kifundo hadi pajani, na kitanda kinagonga ukuta mpaka jirani wa upande wa pili anauliza kulikoni. Hospitalini waliita mikakamao. Nyumbani waliita mateke, na Bi Barka aliyachukia kwa moyo wake wote. Alimuosha mwanawe akiwa amekaza meno, kwa sababu hakujua ni lini mguu ule, usiotii amri ya mwenyewe, utampiga usoni.

Kila Jumatatu na Alhamisi alikuja Quinter, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitalini, msichana wa Kisumu mwenye mikono ya nguvu na daftari lisilotoka kwapani. Quinter aliandika kila kitu. Bi Barka aliwahi kumwambia kuwa siku akiolewa ataandika na posa. Na kila baada ya miezi miwili alivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, Daktari Hudson, daktari wa mishipa ya fahamu, kufanya kliniki ya siku moja. Ni yeye aliyempa Badawi kidonge cheupe cha asubuhi, pale kijana alipofikia kukaa siku mbili bila kusema neno.

"Hiki ni cha huzuni," Daktari Hudson alisema, "lakini kina kazi ya pili. Ubongo hutuma kemikali inayoitwa serotonini ishuke kwenye uti wa mgongo ikaamshe neva za miguu. Kwako inashuka kidogo sana. Kidonge kinafanya hicho kidogo kikae zaidi kabla hakijapotea. Sikuahidi kutembea, utafiti wenyewe bado unaendelea. Ila kikifanya kazi, mateke nayo yataongezeka. Msishtuke."

Bi Barka alilipenda lile neno. Wiki nzima alikuwa nalo barazani, mwanangu amepungukiwa na serotonini, akilitamka kwa kituo kama mtu anayetaja ukoo wa masharifu. Hakuna aliyemuuliza ni nini. Wangeanzia wapi?

Na kidonge kilifanya kazi. Mateke yaliongezeka, kama walivyoonywa, lakini Badawi aligundua jambo ambalo halikuwa kwenye daftari la Quinter. Akijipiga paja kwa kiganja, mguu ulikakamaa, na juu ya ukakamavu ule aliweza kusimama. Alishika fremu ya chuma, akajipiga paja la kulia, kisha la kushoto, akapanda. Mara ya kwanza alisimama sekunde ishirini. Baada ya mwezi zikawa hamsini. Baadaye alifika tisini, akiwa anacheka na jasho likimtiririka, na Quinter akaacha kuandika, akapiga makofi.

Hapo ndipo Daktari Hudson alipotaja kituo cha mazoezi huko bara. Kilikuwa na mashine ya kumning'iniza mtu kwa mikanda na kumfundisha kutembea upya, miezi mitatu, na kila awamu kilichukua mgonjwa mmoja tu kutoka Lamu yote. Sharti lilikuwa moja. Mtu asimame na fremu dakika nzima bila kushikwa, siku ya kupimwa, mbele ya daktari. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, wiki saba mbele. Badawi alikuwa na sekunde tisini mkononi. Nyumba nzima ilianza kusema "Badawi akirudi kutoka bara" kana kwamba ameshapanda basi.

Lililoharibu mambo lilianza kwenye posa ya Rawiya, dada yake mdogo Badawi.

Rawiya aliposwa na Fawaz, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole asiye na la kusemwa. La kusemwa alikuwa nalo shangazi yake, Bi Radhiya. Siku wanawake wa upande wa bwana harusi walipokuja, Bi Radhiya alipita mlango wa chumba cha Badawi, akachungulia, akashika shavu.

"Maskini kaka mtu," alisema. "Mbona mekonda hivi? Hapati zakula?"

Katika nyumba ile. Kwa Bi Barka. Bi Barka alitabasamu, akammiminia sharubati, akamsindikiza hadi mlangoni kwa maneno matamu. Kisha akaingia jikoni, akasimama mbele ya sufuria kwa muda mrefu bila kufanya chochote. Kweli Badawi alikuwa amekonda. Alikuwa anakula kama ndege, na siku ya nikaha yeye ndiye atakayekuwa walii wa dada yake, amekaa katikati ya wanaume wote, mifupa ya mabega ikionekana kwenye kanzu.

Bibi harusi wa Lamu hutiwa ndani. Hafanyi kazi, hapigwi na jua, hupakwa liwa, hufukizwa udi, na hulishwa. Zamani alilishwa kwa maziwa na samli. Siku hizi kuna vidonge vya hamu ya kula, vidogo, vyeupe, na kila mama mwenye binti wa kuozwa anajua pa kuvipata, na hakuna hata mmoja anayekiri. Bi Barka alivinunua kwa Jabez, muuza dawa wa kutoka bara aliyefungua duka uchochoroni.

"Ni za nani, Bi?" Jabez aliuliza.

"Za bibi harusi."

"Asinywe akiwa na kazi. Zinaleta usingizi."

"Bibi harusi wangu hatoki hata ukumbini," alisema Bi Barka, na hakusema uongo.

Siku mbili alimpa Rawiya peke yake. Siku ya tatu alivunja vidonge, akavisaga kwa mgongo wa kijiko, akavitia kwenye uji wa Badawi, wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Hakumwambia. Tangu ajali, watu walikuwa wamemletea Badawi mafuta, mizizi, kombe la kunywa, asali ya nyuki gani sijui, mpaka alipoapa kuwa hatatia kinywani kitu kisichotoka kwa daktari. Kiapo hicho Bi Barka alikiheshimu kwa namna yake. Kwake yeye vidonge vile vilikuwa sehemu ya chakula, kama hiliki, na mama haombi ruhusa ya kutia hiliki.

Matokeo yalikuja haraka. Sahani ya Badawi ikawa inarudi jikoni imekwanguliwa. Siku ya tano mateke yakapungua, siku ya nane hakuna teke hata moja. Kitanda kikanyamaza. Ikasadifu kwamba wiki hiyohiyo Mwalimu Mahdi wa madrasa alikuja kumsomea Badawi kisomo, na Bi Barka, aliyekuwa na roho safi katika mambo ya shukrani, akampelekea Mwalimu sinia la sambusa na kumsifu mtaa mzima. Mwanawe alilala mchana kutwa kama mtoto mchanga. Mashavu yalianza kurudi. Alimuosha miguu bila kukaza meno, na alifurahi, alifurahi sana.

Alhamisi Quinter alimsimamisha Badawi. Sekunde sabini. Jumatatu yake, thelathini na tano. Jumatatu iliyofuata Badawi alijipiga paja mara tatu, mara nne, na mguu haukukakamaa. Alijivuta kwa mikono, akasimama sekunde kumi na mbili, magoti yakakunjika, na Quinter akamdaka kiunoni.

"Miguu imekuwa tambi," Badawi alisema.

Quinter alimlaza. Alishika unyayo wake, akausukuma juu kwa nguvu, ghafla, kama alivyofanya kila wiki. Zamani msukumo ule ungefanya mguu utetemeke mpaka auachie. Sasa unyayo ulikaa mkononi mwake kimya. Aliusukuma tena. Bi Barka, aliyesimama mlangoni, aliona uso wa msichana ukibadilika na hakuelewa sababu. Si mateke yameisha? Si ndilo walilokuwa wakiliomba?

"Mama Badawi, niletee dawa zote anazokunywa," Quinter alisema. "Zote kabisa."

Bi Barka alizileta kwenye sinia: kidonge cheupe cha asubuhi, dawa ya kibofu, dawa ya maumivu, mafuta ya kuchua. Vya Rawiya vilibaki kabatini, katikati ya udi na marashi na khanga mpya. Vitu vya bibi harusi havioneshwi wageni, husuda ina macho. Lakini hata bila mila hiyo asingevileta. Aliulizwa dawa, naye akaleta dawa.

"Ameshika mwili," Quinter alisema, akimtazama Badawi.

"Sema mashallah."

"Mashallah. Hamu ya chakula imerudi lini?"

"Tangu kisomo."

Quinter aliandika "kisomo" kwenye daftari, na tarehe. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo chumba kidogo kile hakikuweza kuificha, kwamba pengine kuna uvimbe unaokua kwenye uti, pengine itabidi aende Mombasa kupigwa picha tena. Au pengine mwili umefika ulipofika. Ikiwa hivyo, Daktari Hudson hataona faida ya kuendelea na kile kidonge.

Alipoondoka, Badawi aligeuza uso ukutani. Siku zile alikuwa ameanza tena kunyamaza. Bi Barka alidhani ni utulivu.

"Mama," alisema akiangalia ukuta, "mimi ni basi. Nilichonacho ndicho hiki."

"Usiseme hivyo. Kula kwanza."

Akala. Bi Barka alimtazama akimaliza uji hadi tone la mwisho, na moyo ukamtulia kidogo.

Ni Rawiya aliyefungua mambo, bila kujua. Kutiwa ndani kulimchosha, simu yake ilikuwa mikononi mwa mama yake, na asubuhi moja alikaa kwenye mkeka wa jikoni, liwa imemkaukia usoni, akisoma kila karatasi aliyoikuta, mpaka ile iliyokunjwa ndani ya boksi la vidonge.

"Mama, hivi zidonge zinanilaza. Yana nimesinzia kwenye swala." Aliendelea kusoma, akitafsiri Kiingereza polepole kwa kujifurahisha. "Siproheptadini. Huzuia kazi ya histamini na serotonini mwilini."

Bi Barka alikuwa anakanda unga wa mofa. Mikono ilisimama.

"Rudia hapo."

Rawiya akarudia.

"Huzuia? Kuzuia vipi?"

"Kuzuia ni kuzuia, Mama. Kufunga ndia."

Bi Barka hakusoma zaidi ya darasa la sita, lakini mjinga hakuwa. Aliosha mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Alilinganisha siku ya uji wa kwanza na siku ya sekunde sabini. Daktari alikuwa anamfungulia mwanawe njia kila asubuhi, na yeye, mama mtu, alikuwa nyuma yake akiifunga mara tatu kwa siku, kwa kijiko. Aliketi juu ya gunia la unga.

Alivimwaga vidonge vile vyote chooni, vya uji na vya bibi harusi. Rawiya alipouliza, aliambiwa atanenepa kwa wali kama bibi yake alivyonenepa. Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya Jumanne ya kupimwa. Bi Barka akaamua kutosema. Alijiambia kuwa miguu ikirudi yenyewe kwa wakati, kusema kutamfaa nani? Kutamvuruga kijana tu. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Aliona aibu mbele ya Quinter, aliona aibu mbele ya Mwalimu Mahdi na sambusa zake, na mbele ya Badawi aliona kitu kikubwa kuliko aibu, hofu hasa.

Kuanzia hapo kila asubuhi, akimuosha, aliushika unyayo wa Badawi na kuusukuma juu kama alivyomwona Quinter akifanya. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Alisukuma kwa nguvu zaidi, akaomba. Yeye aliyeomba mwaka mzima mateke yaondoke sasa alikuwa anaomba yarudi, na alijua Mola anamsikia na pengine anamshangaa. Siku ya nne kidole gumba kilicheza. Siku ya saba goti lilipanda ghafla, mguu ukapiga beseni, na maji yakamlowesha kuanzia kifuani hadi miguuni.

"Alhamdulillahi," alisema.

Badawi alimtazama kwa mshangao. "Una nini, Mama?"

"Sina kitu. Joto tu."

Quinter aliona mabadiliko na akayaandika, akikunja uso, kwa sababu hayakuwa na maana yoyote kwake. Lakini misuli iliyolala wiki tatu haikuamka siku moja. Sekunde kumi na tano. Ishirini na mbili. Thelathini na tatu. Badawi alijipiga mapaja mpaka yakawa mekundu, naye hakucheka tena akisimama. Alikuwa akijisukuma kama mtu anayejiadhibu.

Jumanne ilifika. Wagonjwa sita na jamaa zao walikaa kwenye mabenchi ya hospitali, mlango wa chumba cha mazoezi ukiwa wazi kwa ajili ya hewa, kwa hiyo kila aliyepimwa alipimwa mbele ya wote. Kijana mmoja wa Mbwajumali, Amini, aliyepondwa na trekta, alisimama sekunde sitini na nne na mama yake akalia kwa kwikwi. Kisha likaitwa jina la Badawi.

Alishika fremu. Akajipiga paja la kulia, la kushoto, akapanda. Daktari Hudson alianzisha saa ya simu. Miguu ilitetemeka, goti la kushoto likalegea, akalikaza tena kwa teke lililotikisa fremu nzima. Bi Barka alihesabu moyoni na akapoteza hesabu. Mabega ya Badawi yalianza kushuka. Quinter alisogeza kiti, na Badawi akaanguka ndani yake.

"Arubaini na moja," alisema daktari.

Daktari Hudson alifungua faili, akapitisha kidole kwenye tarakimu. "Tisini. Sabini. Thelathini na tano. Kumi na mbili. Halafu inapanda tena. Sioni mpangilio hapa." Alivua miwani. "Badawi, nitakwambia wazi. Nafasi ya awamu hii inakwenda kwa mwenzako. Na hiki kidonge sioni kama kinakusaidia, ni heri tukuondolee taratibu kuliko kukubebesha mateke bure."

"Sawa, Daktari," Badawi alisema.

Alisema bila kuinua kichwa. Bi Barka alikuwa amemsikia mwanawe akilia kwa maumivu, akitukana, akiomba afe, na yote aliyastahimili. Hiyo "sawa" hakuweza. Alisimama kutoka kwenye benchi.

"Daktari, usiandike."

Daktari alimtazama juu ya faili.

"Zimepungua sekunde kumi na tisa kufika dakika," Bi Barka alisema. "Hizo nimezila mimi. Andika jina langu hapo."

"Sijakuelewa, Bi Barka."

"Nilimtilia dawa kwenye uji. Vidonge vya bibi harusi, vya kunenepesha. Siproheptadini. Asubuhi, mchana na jioni, karibu wiki nne, naye hajui. Niliviacha siku kumi na mbili zilizopita, baada ya kusomewa karatasi. Kisomo hakikutoa mateke. Nimeyatoa mimi."

Alisema kwa sauti ile ile ya barazani, kwa kuwa hakuwa na nyingine, na mabenchi yote yalisikia. Kufikia alasiri Langoni nzima itakuwa nayo, na kufikia magharibi itakuwa imemfikia Bi Radhiya. Alijua hivyo alipokuwa anasema. Badawi alikuwa amegeuka kwenye kiti, akimtazama mama yake, mdomo wazi kidogo.

Quinter alikuwa tayari anapekua daftari, kidole kikikimbia juu ya tarehe. Alimpa daktari ukurasa. Daktari Hudson alisoma, akasoma tena, akavaa miwani.

"Keti, mama," alisema, kwa upole. Kisha akamgeukia Badawi, kwa sababu mwili ulikuwa wake. "Sikiliza. Kwenye neva za uti wa mgongo kuna vipokezi, tuseme milango, vinavyopokea serotonini. Baada ya ajali yako serotonini ilipungua sana, na milango mingine ikazoea kukaa wazi hata bila kubishiwa hodi. Ndiyo maana miguu inaruka bila sababu. Lakini ni kwa milango hiyohiyo misuli inapata nguvu ya kukaza, wewe ukaitumia kusimama. Mateke na kusimama vinapita mlango mmoja. Dawa aliyokupa mama inaufunga. Haiwezi kufungia kimoja ikaacha kingine."

"Kwa hiyo uti haujaharibika zaidi," Badawi alisema.

"Sioni dalili hiyo tena. Umetoka kumi na mbili hadi arubaini na moja kwa siku chache, na kidonge chako kinaendelea." Alikata mstari alioanza kuuandika. "Nafasi siwezi kuirudisha, Amini ameipata kwa haki. Awamu nyingine ni miezi sita. Ningekuondolea kidonge yeo," alisema, akiteleza kwenye Kiamu cha wagonjwa wake, "nisingejua kamwe kwamba kilikuwa kinafanya kazi."

Hakumkaripia Bi Barka. Aliandika tu, na Quinter naye akaandika. Mama yake Amini alisogea kwenye benchi kumpisha, bila kumtazama.

Walirudi nyumbani kwa njia ya pwani, Bi Barka akisukuma kiti. Kwenye ngazi za uchochoro wanaume wawili walimnyanyua Badawi na kiti chake, wakamtua, wakaenda zao. Badawi alingoja mpaka walipokuwa ukumbini, mlango umefungwa na Rawiya ameingia chumbani.

"Zile wiki," alisema, "nilidhani ni mimi. Nilidhani sijikazi. Kila Quinter akisema kumi na mbili, nilikuwa nasema moyoni, mvivu wewe, umechoka kuishi wewe. Miguu ile uliyokuwa ukiikanda, Mama, nilikuwa naitukana."

Bi Barka alikaa chini, kwenye mkeka, kwa hiyo akawa chini ya mwanawe. Katika maisha yake yote alikuwa ameona watoto wakiomba radhi kwa wazazi. Kinyume chake hakuwahi kukiona, na hakujua kinaanzaje.

"Niwie radhi," alisema. "Sikuwa na haki."

Safari hii Badawi hakugeuza uso ukutani. Alikuwa anafikiri, na alikuwa na hasira, na mama yake aliiona hasira hiyo na akaipokea.

"Nimekuwia radhi," alisema. "Lakini zakula zangu, kuanzia yeo, nitapakua mwenyewe. Na chumvi nitatia mwenyewe."

Bi Barka aliinuka, akaingia jikoni, akaitoa sufuria ya wali juu ya jiko na kuitua kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu angeifikia. Akaleta sahani na upawa, akaviweka kando yake, akarudi nyuma hadi ukutani na kuegemea hapo, mikono imelegea ubavuni, haina kazi.

Badawi alijisukuma mpaka jikoni. Aliinamia sufuria na kuchota. Goti la kulia likaruka, likapiga kigoda, na wali ukamwagika sakafuni. Bi Barka alitoka ukutani hatua moja, akajizuia. Badawi aliweka kiganja juu ya goti mpaka lilipotulia, akachota tena. Alipakua pawa mbili tu na kidogo cha mchuzi. Kilikuwa kidogo sana kwa mwanamume mzima, na Bi Barka hakusema kitu.